Mlango wa Mkwe

“Shemeji, huu mwavuli ni wa nani?”

Meshaki aliuinua juu ili majirani waliojaa uani wauone. Alikuwa amemwita hadi mzee wa kanisa, Abrahamu. Nikatazama chini.

“Wa Lukasi.”

“Lukasi yupi? Sema wasikie.”

“Wa kiwanda cha chai.”

“Nimeukuta wapi?”

“Jikoni.”

“Yoo!” Vaileth, jirani yetu, akajipiga paja. “Kumbe maombi ya wajane siku hizi yanafanyika jikoni!”

Watu wakacheka. Nikavuta khanga ikanifunika uso. Moyoni nikasema, Bwana, nifiche.

Tata, yaani baba mkwe wangu, aliijenga nyumba hii ya matofali hapa Ibighi, mjini Tukuyu, kwa kahawa ya shamba lake la Masoko. Nilipoolewa na mwanawe akatoboa mlango wa nyuma kwa ajili yangu, maana kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Mbele kwake, nyuma kwetu, ukuta katikati. Mume wangu alipofariki nilibaki. Nilipika, binti yangu Ikupa akapeleka chakula. Tata akitaka kitu, aliuambia ukuta.

“Ukuta, kahawa imepoa.”

Nami nilichemsha nyingine.

Meshaki, mdogo wa marehemu, alitaka kunirithi nikakataa kwa sababu ya imani. Sasa biashara binafsi zimeruhusiwa, kila mwenye nyumba mjini anataka gesti, naye aliitolea macho hii. Mimi nikifukuzwa kwa aibu, tata angekosa wa kumpikia, ahamie kwa Meshaki kule Kisondela, nyumba ibaki tupu.

“Mlango wa heshima kaugeuza wa kuingizia wanaume!” akapaza sauti. “Aondoke leo leo!”

“Mama Ikupa,” Mzee Abrahamu akaniuliza taratibu, “Lukasi hufuata nini hapa?”

Mwanamke wa umri wangu, mwenye binti wa kuolewa, nisimame mbele za watu niseme nachumbiwa? Nikanyamaza, na kule kunyamaza kukanihukumu.

Tukasikia kikohozi. Tata alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba. Haraka nikageuka, nikaukabili ukuta.

“Meshaki. Nani alimwambia Lukasi apite nyuma?”

“Sijui, tata.”

“Mimi. Alikuja mbele, akavua kofia, akamposa kwangu. Nikamwambia nenda jikoni kamuulize mwenyewe, mimi siwezi kumuuliza. Anakuja mvua na jua. Mpaka leo jibu sijaletewa.”

Kicheko kikakatika. Vaileth akaanza kutazama migomba.

“Ukuta,” tata akasema, “niulizie. Anampenda?”

Nikaegemeza paji la uso kwenye tofali.

“Ukuta, mwambie tata... nampenda. Ila nikiondoka nani atampikia?”

“Kwani mimi sina mikono?” Ikupa akadakia. “Mama, olewa bwana!”

“Ukuta, mwambie nimesikia,” tata akasema. “Na nyumba haiuzwi, wala haiwi gesti. Ni ya Ikupa, mtoto wa mwanangu.”

“Na mimi, tata?” Meshaki akauliza, sauti imeshuka.

“Wewe lete huo mwavuli.”

Siku ya harusi nilivaa, nikaelekea mlango wa nyuma kama nilivyozoea. Nikaukuta umepigiliwa mbao.

“Ikupa! Nani kafunga?”

Jibu lilitoka upande wa mbele, na safari hii halikupitia ukutani.

“Marita.”

Tangu niolewe, hakuwahi kulitaja jina langu.

“Anayepita nyuma ni mkwe. Leo namwoza binti yangu. Pita huku.”

Nikaingia sebule ambayo sikuwahi kuikanyaga, nimeinama kama mwizi, nikiona viatu vyake vya kanisani tu. Kuinua macho sikuthubutu. Nikapiga magoti.

“Ndaga, tata,” nikamshukuru.

“Inuka, utachafua gauni.”

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inamwagika. Lukasi amesimama uwanjani, suti yote imelowa, anacheka peke yake. Hakuthubutu kupanda barazani kabla hajaitwa.

“Mwanaume gani huyu,” tata akanong’ona, “anakuja kuoa bila mwavuli?”

Akaushusha kutoka msumarini, pale ulipokaa tangu siku ile, akaniwekea mkononi.

“Mpelekee mumeo.”

Nikatoka kwa mlango wa mbele.