Mfuko wa Bibi Shadliya

Jumamosi mchana Emna alimaliza kuosha vyombo vya kuskusi, akaifuta meza, akachukua kikapu chake chenye mkasi, chaki na vibiringo vya uzi. Mama yake, Naima, alikuwa amejilaza kwenye mkeka akiukanda mgongo kwa ngumi. Wiki nzima mama huyo huamka kabla ya alfajiri kulisubiri basi la kiwanda, na huko kazi yake ni moja tu hadi jioni: kushona mifuko ya suruali za jinzi. Katika mji wa Ksar Hellal ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu wa namna hiyo. Kama si mfumaji, basi ni mshonaji.

"Usichelewe," mama akasema, macho ameyafumba.

"Sichelewi, mama."

Emna alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi yeye na vijana wenzake wa mtaani walikutana katika nyumba ya vijana, kwenye chumba kimoja chenye cherehani kuukuu. Mwalimu wao alikuwa Bi Mongia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyestaafu kiwandani vidole vikiwa vimeanza kupinda. Aliwaanzisha kwa kimto cha kuchomekea pini. Kisha wakashona foronya, wakapata kujua mshono ulionyooka ni upi. Kisha aproni. Sasa walikuwa kwenye mfuko wa kubebea vitu, na safari hii kazi yao ingetumika kweli, kwa kuwa mifuko hiyo ingegawiwa wazee wa mtaa wanaokwenda kila mwezi kuchukua dawa kituo cha afya.

Bi Mongia aliinua mkanda wa mfuko, wote wauone. "Hapa mkanda unaposhikana na mfuko, ndipo uzito wote unapokaa. Mnapiga mraba, mnavuka katikati toka pembe hadi pembe, halafu mnarudisha mshono ili uzi usifumuke. Kitambaa ni kizito, kwa hiyo nendeni polepole. Atakayekosea afumue, aanze upya. Hakuna aibu katika kufumua."

Emna na rafiki yake Shiraz walipewa kitambaa kimoja cha mistari ya samawati, wakagawana. Shiraz hakuwa na mkono mwepesi. Mistari yake ilipinda, na wenzake walimcheka kwamba mshono wake unatembea kama mbuzi aliyekata kamba. Yeye hucheka pamoja nao, kisha hufumua. Emna, kwa upande wake, hakuwa akichekwa. Wote walijua mama yake ni fundi wa kiwandani, na yeye mwenyewe alikuwa amezoea kusifiwa.

Zamu yake ilipofika, alikanyaga kanyagio kwa haraka. Sindano iligonga mahali kitambaa kilipokunjwa mara nne, ikakatika kwa mlio, na kipande kikaruka karibu na jicho lake.

"Mtoto wa fundi huyo," mtu mmoja akasema nyuma, na darasa likacheka.

Emna aliondoa mguu kwenye kanyagio. Bi Mongia alimtazama jicho, akaona halikuumia, akabadilisha sindano na kumwambia aketi tena. Emna hakuketi.

"Nitamalizia nyumbani," alisema. "Kwa mkono."

Nyumbani alijaribu. Sindano ya mkono haikupenya kwa urahisi, na kidole kilimuuma. Kabatini mlikuwa na gundi ya viatu. Akaipaka chini ya mikanda, akaikandamiza kwa pasi baridi, na ilipokauka akapitisha juu yake mishono michache ya kuonekana, midogo, iliyonyooka kama ya mashine. Mraba ulionekana ni mraba kweli. Jumamosi iliyofuata Bi Mongia aliupokea mfuko, akautazama kwa umbali wa mkono mzima, kwa kuwa alikuwa amesahau miwani, akasema, "Safi, Emna." Neno hilo lilimpendeza na kumchoma kwa wakati mmoja. Alirudi kuketi bila kutaja gundi. 

Mifuko iligawiwa. Miwili ile ya mistari ya samawati ilikwenda kwa wazee wawili, na mmoja wao alikuwa Bibi Shadliya, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwa akina Emna. Bibi huyo aliishi peke yake. Mwanawe alikuwa akifanya kazi katika mji wa Sfax na alikuja sikukuu tu. Tangu Emna akiwa mdogo alimjua kama bibi mwenye kisukari, ambaye hajidungi dawa mbele ya watoto.

Jumamosi moja darasa lilikuta Bi Mongia amesimama mlangoni, hajavua hata koti.

"Muuza mboga wa pale kona ameniambia jambo," alisema. "Alhamisi Bibi Shadliya alikuwa akirudi kutoka kituo cha afya. Mkanda wa mfuko ukachomoka kwenye ngazi, vitu vikamwagika. Muuza mboga alimsaidia kuokota machungwa, bibi akasema hapana neno, akaenda zake. Mfuko wenyewe ni mmoja wa ile miwili ya mistari."

 Macho yote yakamgeukia Shiraz.

"Si wangu," Shiraz alisema. "Wangu niliufumua nikaushona tena mpaka Bi Mongia akanikataza."

"Mbuzi kakata kamba tena," kijana mmoja akanong'ona, na wawili watatu wakaziba midomo.

Shiraz alimtazama Emna, akingoja rafiki yake aseme hata neno moja la kumtetea. Emna aliinamia kikapu chake kana kwamba anatafuta chaki. 

"Acheni," Bi Mongia alisema. "Mimi simhukumu mtu kwa kubahatisha. Tukimaliza hapa nitakwenda kumjulia hali bibi na kuutazama huo mfuko. Mshono utajieleza."

Hapo ndipo Emna alipopata wazo ambalo baadaye lilimtia haya kila alipolikumbuka. Alisema tumbo linamuuma, akaomba ruhusa, akatoka. Aliona akiwahi kwa Bibi Shadliya, ataomba mfuko "akautengeneze", ataikwangua gundi, atashona upya, na Bi Mongia hatapata cha kuona.

Mlango wa Bibi Shadliya ulikuwa umerudishwa tu. Emna alibisha, akasikia sauti dhaifu ikimwambia apite. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, jagi tupu la maji pembeni yake. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Alikuwa akihema haraka kama mtu aliyepanda kilima, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Nani? Emna? Niletee maji, mwanangu. Nakunywa nakunywa, kiu haiishi."

Emna alimletea. Bibi alikunywa, kisha akayatapika yote kwenye beseni.

"Bibi, unaumwa. Umejidunga dawa?"

Bibi Shadliya aliegemeza kichwa ukutani. "Vichupa vilivunjika, mwanangu. Vyote. Siku ile mkanda ulipotoka. Sikumwambia muuza mboga, ningemwambia nini? Nilikuwa na tone lililobaki kwenye kichupa cha zamani, nikalitumia, likaisha jana. Kituo kimefungwa hadi Jumatatu. Nikasema nitavumilia."

"Kwa nini hukumwita mama?"

"Mama yako anatoka kiwandani amekufa kwa uchovu. Nimsumbue kwa kosa langu mwenyewe la kubeba vibaya?"

Mfuko ulikuwa kwenye kiti, karibu na mlango, mkanda mmoja unaning'inia. Pale ulipong'oka palibaki doa la gundi la rangi ya manjano, gumu kama ganda. Emna aliutazama. Angeweza kuuchukua akatoka, asionekane. Bibi alikuwa amefumba macho, kichwa kikianza kuinamia bega.

Emna aliuacha mfuko palepale, akakimbia.

Mama Naima aliamka kwa kusikia jina lake likiitwa toka barabarani. Emna alimweleza habari ya mfuko na vichupa, naye hakuuliza mengi. Alimpigia simu jirani mwenye gari la mizigo, wakamlaza Bibi Shadliya kwenye kiti cha mbele, kichwa kikimwegemea Naima, na Emna akapanda nyuma. Njia nzima hadi hospitali ya wilaya alishika ubao wa gari kwa mikono miwili na kuomba dua zote alizozijua.

Kwenye mapokezi ya dharura muuguzi alisikiliza kifua, akapima sukari, uso wake ukabadilika. "Hajapata insulini tangu lini? Na kwa nini?"

"Vichupa vilivunjika," mama alijibu. "Mfuko ulimkatikia. Watoto wanajifunza, unajua tena, mmoja wao hakushona vizuri."

"Ni mimi," Emna alisema.

Mama aligeuka.

"Ni mfuko wangu, mama. Sikuushona. Nilitia gundi, nikashona juu ili ionekane kama mshono. Na leo nilikwenda kuuchukua niufiche. Sikwenda kumjulia hali."

Muuguzi aliandika alichohitaji, akaingia ndani akisukuma kitanda cha bibi.  Emna alingoja kofi, au makaripio. Mama aliketi tu kwenye benchi, akampa nafasi pembeni yake, na wakangoja mpaka taa za ukumbini zikawashwa.

Daktari alipotoka alisema bibi ataishi. Lakini aliongeza, bila kuipamba habari, kwamba bibi angecheleweshwa hadi asubuhi asingepona.

Juma lililofuata Emna aliingia nyumba ya vijana akiwa na ule mfuko mkononi, aliouchukua nyumbani kwa bibi, ambako siku ile Bi Mongia alikuta mlango umefungwa. Darasa lilikuwa limejaa, lakini kiti cha Shiraz kilikuwa kitupu. Emna alimwomba Bi Mongia ruhusa ya kusema, akasema yote, tangu sindano ilipokatika hadi alipotoka kwa uongo wa tumbo.  Hakuna aliyecheka, hata yule wa mbuzi.

"Shiraz hajui haya," Bi Mongia alisema.

"Najua. Ninakwenda kwao sasa hivi."

Shiraz alimsikiliza akiwa mlangoni, mikono ameikunja kifuani.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Walipokuwa wananicheka, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Mimi ningekutetea."

"Najua ungenitetea. Ndiyo maana nimekuja."

Shiraz hakumsamehe siku hiyo. Aliufunga mlango taratibu. Lakini Jumamosi iliyofuatia alikuja darasani, akaketi mbali, na Emna alipoketi kwenye cherehani na mfuko ule, akaikwangua gundi na kufumua kila uzi wa zamani, Shiraz alisogea na kukishika kitambaa kizito upande wa pili ili kisivute sindano. Emna alikanyaga kanyagio polepole. Mara ya kwanza mraba ulipinda. Akafumua. Mara ya pili uzi ulijikunja chini. Akafumua. Mara ya tatu Bi Mongia, safari hii miwani ikiwa puani, aliukamata mkanda kwa mikono yote miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, na haukusogea.

Bibi Shadliya alirudi nyumbani akiwa amekonda. Naima na majirani walipanga zamu: kila asubuhi mtu apite kumwona, na siku ya dawa kijana mmoja amsindikize. Emna alipokwenda kumwomba radhi, bibi alimwita karibu, akamshika kidevu.

"Nilikukasirikia, sitakuficha," alisema. "Nilipopata fahamu nikaambiwa, nilikukasirikia sana. Kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyenikuta sakafuni ni wewe, na ulipoona hali yangu hukuondoka na mfuko. Kwa hilo nipo hapa."

Emna alilia. Bi Mongia, aliyekuwa ameketi upande wa pili na glasi ya chai, alingoja amalize.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kukosea mshono si kitu. Mimi nimevunja sindano nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki. Kosa lako lilikuwa kuogopa kuonekana umeshindwa, na woga huo ulikufanya udanganye kwenye kitu ambacho mtu mwingine angekibeba. Unaposhona, humshonei mwalimu aseme safi. Unamshonea mtu usiyemwona, atakayeutegemea mkono wako akiwa njiani peke yake. Kazi yoyote utakayofanya maishani itakuwa hivyo. Pale unaposhindwa, sema umeshindwa, usaidiwe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bi Mongia."

"Basi mpe bibi mfuko wake."

Emna aliusimamisha mfuko kwenye mapaja ya Bibi Shadliya. Bibi aliupapasa mshono kwa kidole gumba, pembe kwa pembe, bila haraka, kisha akaingiza mkono kwenye mikanda yote miwili na kuomba asaidiwe kusimama, kwa kuwa kituo cha afya kilikuwa kimeshafunguliwa.