Milango Thelathini na Sita

Wakoli, mume wa dada yangu Muhonja, alikuwa karani wa baraza la jiji, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Lakini Jumapili akitoka kanisani alikuwa kichekesho cha Buruburu. Alipiga picha kutu. Alipiga nyufa, rangi iliyobambuka, vivuli vya nyaya za stima. Watu wakimwomba awapige wao, anakataa. Majirani walisema ukarani umemchosha akili, nami niliyekuwa nikila ugali wake niliwaunga mkono.

Alikuwa na mchezo mmoja aliouonea fahari: kupitisha filamu moja kwenye kamera mara mbili, ili picha mbili zilaliane. Kwa hiyo akimaliza filamu aliacha ncha yake nje ya kibweta, apate kuirudisha kwenye kamera. Ubaya ni kwamba filamu iliyotumika haikuwa na tofauti na mpya.

Aprili 1994 tulimzika mama yake, Selpher, kule Kimilili. Wakoli ndiye aliyepiga picha za jamaa wamezunguka jeneza lililo wazi, kama ilivyo desturi. Wajukuu waliokuwa wakimwita kukhu walikuwepo wote isipokuwa mmoja, Ayuma, binti ya Wakoli, miaka minne, aliyekuwa na surua. Marehemu hakuwahi kumwona mtoto huyo. Wala hakuwahi kufika Nairobi. Kila likizo aliambiwa mtoto ataletwa mwaka ujao, na kila likizo Wakoli aliimalizia mjini na kamera yake. Waliomuuguza walituambia neno lake la mwisho: kama hamumleti, nitamtafuta mwenyewe.

Agosti, Wakoli akatoa filamu kwenye kopo akidhani ni mpya, akaenda kupiga milango ya mtaa wetu. Thelathini na mitano ya watu, na wa mwisho wake mwenyewe, umefungwa kwa kufuli, sisi sote tuko nje tukimsubiri amalize.

Picha zilitoka kuoshwa Jumamosi mchana. Tukazitandaza mezani. Ya kwanza ilikuwa mlango wa jirani, na juu yake mama yake amelala jenezani, macho yamefumba, waombolezaji wamemzunguka. Wakoli akashika kichwa. Akatueleza kosa lake huku akifuta machozi, tukamwelewa.

Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, jeneza lilikuwa tupu.

Ya nne, waombolezaji hawapo. Mama yake amesimama kwenye geti, ametugeuzia mgongo, amevaa gauni jeupe alilozikwa nalo. Ya saba, ameinama dirishani, viganja pembeni mwa macho, anachungulia ndani. Ya kumi, dirisha jingine. Mlango baada ya mlango. Alikuwa haijui nyumba.

"Ni mimi ninayemwonyesha njia," Wakoli akanong'ona.

Ya thelathini na tano ilikuwa ya jirani tunayepakana naye ukuta. Hapo amegeuka. Anatazama upande wetu. Anatabasamu.

Ya mwisho ni mlango wetu. Hayupo. Muhonja akasema asante Yesu. Kisha akaweka kidole juu ya picha. Kufuli halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi.

Chumbani tukamsikia Ayuma anacheka. Anacheka kidogo, ananyamaza, anacheka tena, kama anayesimuliwa kitu.

Tulimkuta peke yake kitandani, mwili moto. Siku tano homa haikushuka, na madaktari hawakuona ugonjwa. Tulidhani tunampoteza. Wakoli akachoma picha zote, akambeba hadi Kimilili, akamsimamisha kaburini, akasema: mama, huyu hapa, umemwona, nisamehe, sasa pumzika. Homa ikashuka palepale. Tulirudi tukiimba. Kamera aliiuza Kariokor.

Januari Ayuma akaanza nasari. Picha ya darasa ilipokuja, watoto wote mikono yao iko chini. Yeye ni wa mwisho kwenye mstari, na kando yake hakuna mtu. Mkono wake wa kulia umeinuka, vidole vimekunjwa, kama wa mtoto anayevushwa barabara.

Muhonja akamwuliza taratibu alikuwa ameshika nini.

"Si ni kukhu," akasema. "Alikataa kubaki kule. Anasema nisimwachilie, asipotee tena."

Picha hiyo iko kwangu. Dada yangu hataki ilale nyumbani mwake.