Chumba cha Chini cha Theodora

Tangu amalize mtihani wa darasa la saba, Recheli hakuwa na haraka asubuhi. Alifagia uwanja, akapika uji, akampelekea baba yake, Mzee Gerson, aliyekuwa akiwamwagia kuku pumba. Kisha aliketi kwenye kigoda kumenya karanga za mbegu, kwa maana kijijini kwao Puge mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia.

Simu ya baba ililia dirishani. Recheli akaipokea. Aliyepiga alikuwa dada yake, Theodora, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja mjini Tabora.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba. Mpe baba simu. Nimeanguka ngazini, nataka kurudi nyumbani."

Theodora alizaliwa na mguu wa kulia mfupi usio na nguvu, naye hutembea kwa gongo. Chuoni alipangiwa chumba ghorofa ya tatu. Maji hayakupanda huko. Kila msichana alibeba ndoo yake kutoka bombani. Theodora hakuweza kushika gongo, kubeba ndoo na kupanda ngazi kwa pamoja. Akaona dawa ni kuacha kunywa maji, asije akahitaji choo, kwani vyoo vyenye maji vilikuwa chini. Siku mbili zilizopita kichwa kilimzunguka, akaanguka ngazini.

"Vumilia, mwanangu. Kesho tunakuja," alisema Mzee Gerson. Alipokata simu alifoka, "Watu hawa hawana macho? Wanampandishaje mtoto huyu juu kote huko?"

Recheli aliinamia karanga zake. Yeye alijua sababu.

Fomu ya kuomba chumba ilijazwa kwa simu ya baba. Theodora alikuwa anachelewa mazoezi ya kwaya, akamwachia mdogo wake amalizie. Recheli alifika kwenye swali hili: Je, mwombaji ana ulemavu? Wiki ileile kikundi cha maombi cha kanisani kwao kilikuwa kimefunga siku tatu ili mguu wa Theodora upone. Siku ya mwisho Mzee Gerson alitangaza kwamba neno mlemavu lisitamkwe tena nyumbani kwake, maana kulitamka ni kukosa imani. Basi Recheli alibonyeza "Hapana". Hakumwuliza mtu wala hakumwambia mtu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, wote watatu walikuwa ofisini kwa Bi Consolatha, mlezi wa wanafunzi.

"Mama, mmemwonea mwanangu," Mzee Gerson alianza. "Mtu anatembea kwa gongo, mnampa ghorofa ya tatu?"

Bi Consolatha hakukasirika. Aliwageuzia kompyuta. "Mzee wangu, soma mwenyewe. Ana ulemavu? Hapana. Wasichana ni mia nane, tunawapangia vyumba kabla hatujawaona. Vyumba vya chini tuliwapa walioandika ndiyo."

"Mimi sikuandika hivyo!" alisema Theodora. "Labda kompyuta yenu imekosea."

"Inawezekana. Nitamwomba fundi achunguze. Lakini itachukua wiki mbili, tatu."

Macho ya Theodora yalijaa machozi. "Wiki tatu sitaziweza, mama. Bora niache chuo."

Recheli aliitazama kompyuta. Angenyamaza, lawama zote zingeiangukia kompyuta. Lakini kitanda cha dada yake kingebaki kulekule juu.

"Kompyuta haijakosea," alisema. "Ni mimi niliyeandika. Niliona tukisema ndiyo tutakuwa hatuna imani."

"Recheli!" Theodora alimgeukia. "Nilikwambia jana kwamba nimeanguka, na bado ukanyamaza?"

Recheli alianza kulia. Mzee Gerson alitazama viatu vyake, kisha akasema polepole, "Mwache, Theodora. Neno lile nililikataza mimi."

Bi Consolatha alivua miwani. "Mzee, mimi pia ni mtu wa maombi. Kila alfajiri hunikuta nimepiga magoti. Lakini fomu hii haiulizi imani yenu. Inauliza tumlaze wapi mtoto." Akamgeukia Theodora. "Haya, niambie, unahitaji nini?"

"Chochote mtakachonipa, mama."

"Hapana. Mimi sijawahi kutembea kwa mguu huo. Anayejua ni wewe."

Theodora alifuta machozi. "Nahitaji chumba cha chini, karibu na choo chenye maji. Na chuma cha kushikia chooni, maana gongo linateleza kwenye vigae."

"Hayo ndiyo maneno. Yaandike kwenye barua, uiambatanishe na cheti chako cha hospitali."

Vyumba vya chini vilikuwa vimejaa, kwa hiyo Bi Consolatha aliwaita wasichana wa huko, akauliza nani yuko tayari kubadilishana. Amne, binti wa mtaa wa Chemchem palepale mjini, alinyoosha mkono kabla wengine hawajatazamana.

"Nitapanda mimi. Miguu ninayo, kinachonisumbua ni uvivu tu! Ila dada, usije ukasema sikukuonya: kitanda changu kinalia kama kuku anayetaka kutaga."

Theodora alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Recheli aliteremsha godoro, sanduku na vitabu, safari nne za ngazi, bila kuombwa. Damas, fundi ujenzi wa chuo, alipima ukuta wa choo, akaahidi kufunga chuma Jumatatu. Walipoagana, Theodora alimvuta mdogo wake kifuani. "Siku nyingine uniambie," alisema.

Wakiwa wanasubiri basi la kurudi Puge, simu ililia. Ni Mama Paskazia, kiongozi wa kikundi cha maombi, akiuliza hali ya binti yao.

Mzee Gerson alijibu, "Amepata chumba cha chini, mama. Tumewaeleza kwamba ni mlemavu wa mguu, wakatuelewa. Ndiyo, nimesema mlemavu. Tuendelee kumwombea."

Alirudisha simu mfukoni, akamtazama Recheli.

"Mwanangu, Mungu anazijua shida zetu hata kabla hatujafungua kinywa. Watu hawazijui. Tukiwaficha ukweli, hata mwenye moyo mwema hatajua pa kuanzia kutusaidia. Na ukikosea, sema mapema, usingoje mwenzako aumie zaidi."

"Nimesikia, baba."

"Na mimi pia nimesikia," alisema Mzee Gerson.