Nilisoma kwa Jina la Mdogo Wangu

Wasomaji wenzangu, kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu haupendezi, na herufi nyingine naziruka bila kujua. Kama wa gazetini watakuwa wamenisahihisha, nawashukuru. Haya nimeyaandika kidogo kidogo, nikitoka shambani na kabla giza halijaingia, maana mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwenye karatasi angalau hamnioni.

Mniite Ezekia, ingawa silo jina langu. Nina miaka ishirini na moja. Naishi na mama huku Ihanda, Mbozi, tunalima kahawa na mahindi. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Elimu yangu iliishia darasa la saba.

Sikuwa mtoro, wala sikuwa mkorofi. Shida yangu ilikuwa mkono. Naandika polepole sana... Mwalimu akijaza ubao, wenzangu wanamaliza kunakili mimi nikiwa mstari wa tatu, kisha ubao unafutwa. Mwalimu mmoja alizoea kusimama nyuma yangu na kuuliza, "Ezekia, unaandika au unachonga kinyago?" Darasa zima linacheka. Mimi nainamisha kichwa.

Kwa hiyo madaftari yangu yote yalikuwa nusu nusu. Ningejisomea nini? Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, jina langu halikuwepo. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kesho yake tuwahi palizi.

Mdogo wangu wa kike, ambaye hapa nitamwita Sekela, yeye alifaulu. Nilifurahi kweli. Kahawa niliyokuwa naichuma ilimnunulia sare na viatu, na sikuwahi kumwonea kijicho. Sisi ni wawili tu kwa mama, na tulikuwa tunapendana. Mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Sekela alipokuwa kidato cha pili, shule yao ya kata iliunganishwa na shule nyingine za Mbozi na moja ya Tunduma. Walimu wa shule hizo walikuwa wanachangia masomo yao mtandaoni, yakawa ya wote. Kila mwanafunzi ana jina lake na namba yake ya siri. Unafungua kishikwambi, unapewa swali. Ukipata, unapandishwa. Ukikosa, unarudishwa nyuma hadi pale unapoelewa, na mwalimu wa shule nyingine anakueleza kwa namna nyingine. Kila mtu anasoma kwa mwendo wake.

Kwa kuwa vishikwambi havikutosha, walipeana zamu ya kwenda navyo nyumbani mwisho wa juma. Masomo yalikaa humo ndani, ila majibu yalikuwa yanasafiri Jumatatu, Sekela akifika shuleni penye mtandao.

Sekela hakukipenda kishikwambi. Jumamosi alikuwa na kwaya, alikuwa na kusuka, alikuwa na rafiki zake. Siku moja akanikuta naanika kahawa, akakiweka juu ya kichanja. "Kaka, hebu nibonyezee haya maswali. Bonyeza lolote tu, mradi ionekane nimefanya."

Nilimwambia mimi sijui. Akacheka. "Hakiumi. Kinauliza tu."

Akaenda zake. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikakigusa.

Swali la kwanza nilikosa. La pili nikakosa. Kikanishusha, kikanishusha tena, mpaka nikafika kwenye hesabu za sehemu za darasa la tano, kitu ambacho kilinipita siku ubao ulipofutwa. Mwalimu fulani wa shule nyingine akaonekana akizieleza. Sikuelewa. Nikamrudisha aanze upya. Akaanza upya, kwa upole uleule! Nikamrudisha tena... Hakuchoka. Hakuniuliza kama nachonga kinyago. Na kujibu hakukuwa na kuandika, ni kugusa tu kwa kidole.

Wasomaji, nilikaa pale mpaka mama akaja kuniuliza kama kahawa inajigeuza yenyewe.

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila ilipofika zamu ya Sekela, yeye anakwenda kwaya, mimi nakaa na kishikwambi. Nilimaliza mambo ya msingi, nikaingia ya kidato cha kwanza, kisha cha pili. Nilikuwa nagawanya na kuzidisha kichwani nikipalilia. Vijana niliokuwa nachuma nao kahawa wakaniona nasema peke yangu, wakanibatiza jina. "Profesa, leo debe lako limejaa hesabu au kahawa?" Sikujali.

Kule Tunduma kulikuwa na mama mmoja, Mwalimu Nzowa, aliyekuwa anasoma majibu ya wanafunzi wa shule zote na kuwatumia sauti yake. Siku ya kwanza kumsikia alisema, "Sekela binti yangu, hapa umekosa, lakini umekosa kama mtu anayefikiri. Jaribu tena kwa njia hii." Ile sauti niliisikiliza mara nyingi. Hakuna mwalimu aliyewahi kusema nami hivyo. Ndiyo, aliita Sekela... lakini aliyekosa kama mtu anayefikiri nilikuwa mimi. Je, ningeanzaje kuona ubaya wake?

Shuleni wakaanza kumsifu Sekela. Mkuu wa shule akamsimamisha mstarini. Mama alichinja kuku, akaniambia nimwachie mdogo wangu firigisi kwa sababu kichwa chake kinafanya kazi kubwa. Sekela aliniangalia, nikamwangalia. Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwambia tumweleze mwalimu ukweli, huenda na mimi nikapewa namba yangu.

"Tutasema, kaka," akanijibu. "Ngoja kwanza mambo yapoe."

Mambo hayakupoa. Habari zikaja kwamba Mwalimu Nzowa anakuja Ihanda mwenyewe. Anataka kumwona huyo binti, na huenda akamhamishia shule yake ya Tunduma, bweni. Tena alikuwa anakuja na nafasi moja ya kijana aliye nje ya shule, asome kwa mtandao huohuo kwa jina lake, hadi afanye mtihani wa kidato cha nne. Nafasi moja tu kwa kata yetu.

Niliposikia hilo sikuweza kula. Nafasi moja... Si ni yangu hiyo? Nani mwingine Ihanda alikuwa amesoma kule kote?

Sekela alikuja kwangu akilia. Alisema ataulizwa maswali na hajui kitu, ataaibika yeye na mama. Nilimhurumia. Siku nzima nilimfundisha hesabu moja ngumu ambayo Mwalimu Nzowa aliisifu sana. Nikamweleza kwa madebe ya kahawa mbichi na kavu, jinsi nilivyojieleza mwenyewe, mpaka akaikariri. Tukapatana kwamba akishaijibu hiyo na kutulia, atasema, "Kaka yangu ndiye aliyenisaidia." Maneno hayo tu. Akaniahidi.

Siku yenyewe tulikusanyika darasani. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu Nzowa alikuwa mfupi, mchangamfu, sauti ni ileile. Nilitamani kumsalimia nikashindwa, nikabaki nimesimama karibu na mlango.

Akamuuliza Sekela hesabu ileile. Sekela akaeleza madebe yangu yote, mbichi na kavu, neno kwa neno. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akamkumbatia. Kisha akauliza kama yupo kijana wa nje ya shule anayejiamini kwa ile nafasi.

Nikamtazama Sekela. Akatazama chini.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisema, "Mwalimu, shikamoo. Yale maswali... nilikuwa nayafanya mimi."

Mwalimu akamgeukia Sekela. "Ni kweli, binti yangu?"

Sekela akasema, taratibu, bila kuniangalia, "Kaka yangu hata jina lake haliandiki likaisha. Angefanyaje hesabu?"

Walicheka wote. Vijana wa kahawa waliokuwa dirishani walicheka mpaka wakashikana mabega. "Profesa kaumbuka!"

Mwalimu Nzowa hakucheka. Alitaka nipewe kishikwambi nijaribu, lakini mkuu wa shule alikuwa anaangalia saa. Alisema malori yameanza kujipanga barabarani kuelekea mpakani, mgeni akichelewa atalala njiani, na mimi wananijua tangu shule ya msingi. Wakanipa karatasi na kalamu. Nijibu kabla gari halijawashwa, sawa na vijana wengine wawili waliojitokeza.

Majibu nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini watu walikuwa wamenizunguka, na mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Wenzangu waligeuza ukurasa mimi nikiwa swali la kwanza. Mwalimu alipochukua karatasi yangu aliitazama kwa muda, akaniambia, "Umejitahidi, mwanangu."

Nafasi ilikwenda kwa kijana mwingine. Simlaumu.

Nyumbani mama hakulala vizuri kwa hasira. "We Ezekia, wivu huu umeutoa wapi? Mdogo wako mmoja, wa tumbo moja, unataka kumvua nguo mbele ya wageni?" Nilimwambia ukweli. Akasema ukweli gani unaousema peke yako. Sekela alikuwa chumba cha pili, anakunja nguo zake. Alisikia kila neno. Hakutoka.

Akaenda Tunduma. Kishikwambi hakikuja tena nyumbani, na mimi nikarudi kwenye jembe. Nilikuwa nachoka kuliko zamani, sijui kwa nini. Kazi ilikuwa ileile.

Baada ya muhula mmoja, shule ikampigia mama kwamba Sekela haonekani darasani wala bwenini. Mama akaniomba nikamtafute, maana yeye miguu inavimba. Nilikwenda. Niliulizia kwa wenzake, nikamkuta karibu na mpaka, anauza mitumba kwenye kibanda cha mama mmoja, anaita wateja wa Zambia kwa Kibemba cha kuokoteza. Aliponiona aliketi juu ya marobota.

Akanieleza. Kule masomo yalianza pale jina lake lilipokuwa limefikia, yaani pale nilipofika mimi. Hakuelewa hata swali moja. Angekosa, kingemshusha hadi mahali pake, na angeanza kupanda mwenyewe. Lakini aliogopa Mwalimu Nzowa ataona anavyoshuka. Akawa anawabembeleza wenzake wamjibie. Walipochoka, akatoroka bweni.

"Rudi, mdogo wangu," nikamwambia. "Kosa tu. Kikushushe. Hakichoki kile."

"Watanicheka, kaka."

"Mimi si nilichekwa?"

Akanyoosha kamba ya robota. Nilidhani anataka kuniomba msamaha. Kumbe alikuwa anafikiri jambo lingine. Akanishika mkono, akasema nihamie Tunduma, atanitafutia kibarua cha kushusha mizigo, na jioni niwe namfanyia masomo kama zamani, ili ajisalimishe shuleni akiwa na majibu mazuri. "Wewe unapenda kusoma, si ndiyo? Basi utasoma."

Nitasema kweli, nilitamani. Nilitamani sana... Ningemsikia tena yule mwalimu akisema binti yangu. Nilisimama pale nikatamani kama mwenye njaa.

Nikakataa. Nilimwambia sitasoma tena kwa jina lisilo langu. Akautoa mkono wake. Alisema basi na nisimjue.

Nilikwenda peke yangu kwa Mwalimu Nzowa. Safari hii hakukuwa na watu, nikaweza kusema. Alinipa kishikwambi chake, akanikalisha, akaniangalia nikifanya. Mwishowe alivua miwani akafuta macho. Lakini akanieleza kwamba yaliyomo kwenye jina la Sekela yatafutwa yote, kwa sababu sasa haijulikani lipi ni la nani. Na nafasi za mwaka zimekwisha. Anachoweza ni kunifungulia namba mpya, nisome Jumamosi pale shule ya kata kishikwambi kikiwa hakina mtu, nianzie mwanzo kabisa kama wengine wote, na mtihani nisubiri hadi watakapopokea vijana tena.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Nakaa na watoto wa kidato cha kwanza, nafanya maswali niliyokwisha kuyafanya, ili kishikwambi kinijue. Inachosha. Jina juu ya kioo ni langu. Nilidhani siku nitakapoliona nitafurahi kupita kiasi, lakini siku hiyo niliwaza tu kwamba Sekela hajui.

Mwalimu Nzowa alimpigia mama akamweleza, na sasa mama ananiamini. Sekela bado yuko Tunduma. Simu yangu hapokei, ya mama anapokea akiwa na nafasi. Sina hakika kama bado nina mdogo.

Ndugu msomaji, kama una kaka au dada anayekuomba umsomee, mkatalie mapema, angali mdogo, kabla hajasifiwa. Na wewe unayetamani kusoma ukaikosa nafasi, usijifiche nyuma ya jina la mtu, hata kama ni la damu yako, hata kama anayekuita ana sauti nzuri namna gani. Nenda ukaombe lako. Ukikataliwa, nenda tena.

Mwisho nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili. Nataka kujua jambo moja. Yupo kati yenu aliyetengana na ndugu yake wa tumbo moja kwa aibu ya namna hii, kisha wakapatana? Ni nani alianza kusema, aliyekosewa au aliyekosa? Na alisema nini? Mimi nimetafuta neno la kumwambia Sekela sijalipata, na mama anazidi kuuliza.