Jina Lililosomwa Redioni

Kila asubuhi kabla ya shule, Ketsia aligeuza ndagala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa ufukoni mwa mji wa Baraka. Kunguru nao hawakumpa nafasi. Mkono mmoja uligeuza samaki, mwingine ulifukuza ndege, na redio ndogo ya mama yake ikisoma matangazo pembeni.

Mama yake, Constance, alikuwa ameuza ndagala kwa miaka kumi. Lakini tangu mwaka jana moyo wake haukuwa tena sokoni. Mtoto wake wa mwisho, Élie, alishikwa na kuhara. Koko, bibi yao, akasema, "Musimupe maji, tumbo itazidi kukimbia." Wakamnyima maji kutwa nzima, naye akiwanyooshea kikombe chake chekundu. Hospitalini muuguzi aliwaeleza kwa upole kwamba mtoto anayehara ndiye anayehitaji maji zaidi, yenye chumvi na sukari. Lakini walikuwa wamechelewa; Élie alikufa usiku uleule.

Baada ya matanga, Mama alitoa sandukuni diploma yake ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari. "Mi nataka kuwa muuguzi," alisema. Kulikuwa na njia mbili. Hapo Baraka, kozi ya miezi sita ya wasaidizi wa wodi: kutandika vitanda na kuosha wagonjwa. Kule Uvira, mji wa mbali, miaka mitatu ya uuguzi wenyewe. Mama akaomba Uvira.

Jumamosi moja, Mama akiwa sokoni, redio ilisoma majina ya waliopokelewa Uvira. "Riziki Constance, wa Baraka. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumamosi ijayo, saa sita mchana."

Ketsia alizima redio. Jamani, miaka mitatu bila mama! Akajiambia kwamba akinyamaza, Mama atasoma karibu. Wiki nzima hakumwambia mtu.

Ijumaa jioni Mama alileta fomu ya ile kozi ya Baraka. Alishika kalamu, asiandike neno.

"Uvira bamenikataa, mpaka leo sijasikia jina yangu," akamwambia Koko. "Basi nitatandika vitanda. Lakini siku wataleta mutoto kama Élie, mi nitasimama tu nikimuangalia, vile nilimuangalia wangu." Akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti.

Ketsia alishindwa kuvumilia. "Mama, habakukukataa! Jina yako ilisomwa. Mi nilisikia, nikazima redio. Sikutaka uende."

"Ilisomwa lini?"

"Jumamosi iliyopita. Mwisho ni kesho, saa sita."

"Yoo! Mutoto gani huyu!" Koko akainua mkono amchape, lakini Mama akauzuia.

"Ketsia, niangalie. Ulininyima hiyo habari kwa sababu unanipenda. Najua. Élie naye tulimunyima maji kwa kumupenda. Kupenda peke yake haitoshi, mutoto wangu. Tulikuwa na siku saba za kuagana. Umetuachia jioni moja."

Koko alishusha mkono. Mwaka mzima hakuna aliyelitaja jambo lile mbele yake. "Ni mimi nilikataza maji," akasema, machozi yakimtoka. "Nenda, binti yangu. Nitabaki na Ketsia."

Wakafunga mzigo pamoja: vitenge viwili, diploma, daftari jipya, na kikombe chekundu. Alfajiri pikipiki ikamchukua Mama. Ketsia aliifuata mbio hadi pumzi zikamwishia, kisha akarudi kwenye ndagala wake.

Saa nane mchana simu ya Koko ikalia, Ketsia akaipokea.

"Bameniandika!" Mama alisema. "Nilifika zimebaki dakika kumi." Kisha akasikia kwikwi za mtoto. "Ketsia, unalia?"

Ketsia alitaka kusema hapana, ili Mama asihangaike. Lakini akajikaza kusema kweli.

"Ndiyo, Mama. Ninalia sana."

"Mi pia ninalia," Mama akasema. "Asante kwa kuniambia. Ukiniambia penye kunauma, hata nikiwa mbali, tutatafuta dawa pamoja. Ukinificha, sitajua hata pa kushika. Usisahau hilo, mutoto wangu. Sasa mupe Koko simu, na uende ugeuze ndagala."