Siku Kyakimwa Alipomwaga Vidonge vya Mama

Jumatatu, tarehe saba Machi 1966, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa akina Kyakimwa, hapa Butembo. Asubuhi ile mama yake, Anne-Marie, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Kyakimwa, msichana wa miaka kumi na miwili, alichukua chupa ya vidonge vya mama, akaenda chooni, akavimwaga vyote shimoni. Jioni akasema, "Mama, muganga amesema inatosha sasa." Mama akaamini.

Usimcheke. Baba yake alichukuliwa wakati wa uasi wa Simba, wapiganaji waliojikinga risasi kwa dawa za kiganga. Waasi walisema ni jeshi, jeshi likasema ni waasi, na wakubwa wa serikali walisema watachunguza, kisha wakaketi. Mama akaacha kula, akaacha shamba, akawa anatazama ukuta tu kutwa nzima. Aliyempa vidonge ni Ngalula, muganga wa dispensari, mwanamke aliyetumwa na serikali kutoka Kasai. Mtu wa serikali, tena mgeni! Wewe ungemwamini upesi?

Mwanzoni vidonge vilimsumbua mama. Kinywa kilikauka, akisimama anaona kizunguzungu, mchana anasinzia. Majuma yalipita bila faida yoyote. Tena Ngalula aliviwekea masharti: usinywe kasiksi, ile pombe ya ndizi, usiache bila kuniuliza, mtoto asiviguse.

"Dawa ya masharti!" alisema Vagheni, rafiki wa Kyakimwa, walipokuwa wakiteka maji. "Simba nabo balikuwa nayo. Usioge, usigeuke nyuma, risasi itakuwa maji. Balipokufa, batu bakasema: balivunja masharti! Mama yako naye akikufa, ule wa Kasai atasema ni kosa yake."

Maneno hayo yalimkaa Kyakimwa rohoni. Kwa hiyo mama alipoanza tena kula, kulima na kuimba, alijiambia: amepona, tuachane na huyu mtu.

Siku chache baada ya vidonge kumwagwa, mama aliamka anatapika. Kichwa kilimuuma, jasho lilimtoka, ndoto mbaya zilimkatia usingizi. Kyakimwa alikimbia mpaka dispensari.

"Ulimupa mama yangu sumu!"

Ngalula alikuwa anachemsha sindano. Hakupandisha sauti. "Alimeza mara ya mwisho siku gani?"

Kyakimwa akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mutoto, ninakuuliza."

"Nilivitupa mu choo. Alikuwa amepona!"

"Eh! Umeondoa ngazi na mama yako angali juu ya nyumba. Sikia. Haiko sumu. Dawa hii inaanza kwa shida, faida inakuja nyuma, majuma yakipita. Mutu akipona, anameza miezi ingine, halafu tunapunguza kidogo-kidogo. Mwili umeizoea. Ukiikata mara moja, mwili unapiga kelele. Kelele yenyewe ndiyo hiyo."

"Na masharti? Simba nabo balikuwa nayo."

"Simba balieleza yao? Mimi niulize, nitaeleza moja moja. Kunishuku, unishuku tu. Lakini ulize kabla ya kutupa."

Walikwenda nyumbani pamoja. Kyakimwa alimweleza mama kila kitu, akilia.

"Mwili ni wangu, Kyakimwa," mama alisema, mkono kichwani. "Ungeniambia woga wako. Mbona ulinidanganya?"

Ngalula alimwanzishia dawa tena, akawa anapita kumwangalia. Tumbo likatulia, usingizi ukarudi, na mama akashika jembe. Safari hii chupa ilikaa juu kabisa, mbali na watoto.

"Umejifunza nini?" muganga alimuuliza Kyakimwa siku moja.

"Kuuliza, na kusema kweli."

"Ni vile. Dawa ya mutu haianzwi wala haiachwi kwa siri, hata kwa mapendo."

"Basi ninauliza. Vidonge vinatoka wapi?"

"Beni, kwa kamyo, ile lori ya mizigo."

"Na askari bakifunga njia tena?"

Ngalula alitazama rafu yake, akahesabu chupa zilizobaki. Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wa serikali na swali hilo. Mkubwa alisema atafikiri. Mvua zimekuja, zimekwisha, naye bado anafikiri. Lakini njia ikifungwa na vidonge visifike, Anne-Marie atapunguza kidogo-kidogo kwa vidonge gani?