Maranda ya Panya

Je, umewahi kumwona mwanamume akiwabebea panya matandiko? Mimi nimemwona, sokoni Gikomba, mwaka wa tisini na nne, enzi zile Phares akipiga shati pasi ya makaa mpaka ukosi unasimama wenyewe.

Wanza, ndani ya gauni la maua ya njano, alikuwa amemletea babake seremala githeri, mahindi na maharagwe ya moto. Akamkuta kijana huyo, Phares, akijaza maranda guniani.

"Ni ya kuwasha jiko?"

"Ni ya panya wetu wa maabara. Mimi ndiye huwatandikia."

"Wacha! Basi wanalala vizuri kuliko mimi."

"Njoo uwaone, mrembo."

Vicheko hivyo vikaendelea hadi Pasaka, Phares alipomwomba waoane. Wanza akasema atafikiria, ingawa moyoni alishakubali. Kabla hajajibu, mbwa wa kina Wanza, Bobi, akaota uvimbe kwenye titi. Miezi minne tu, wakamzika nyuma ya nyumba kule mtaani Jericho. Wiki hiyo hiyo, akioga, Wanza akagusa kitu kama punje ya njugu kifuani mwake.

Akaanza kumkwepa Phares. Phares akipiga simu ofisini kwa kina Wanza kutoka kibanda cha simu cha Kaloleni, anaambiwa ametoka. Jumamosi akamfuata kwa babake, gunia begani.

"Nani amenipiku? Sema tu."

"Hakuna mtu. Nina uvimbe kama wa Bobi, Phares. Krismasi sitafika. Utaoa maiti?"

Phares akaketi juu ya gunia.

"Sikiza, mpenzi. Panya wangu huishi miaka miwili, mitatu. Akishikwa na saratani, wiki chache amekwisha. Mbwa huishi kumi na kitu. Kwake ni miezi. Daktari wetu husema mnyama wa maisha mafupi, saratani yake huwa na mbio. Binadamu amepewa miaka mingi, na yake mara nyingi hujikokota miaka. Usijihesabie kwa kalenda ya Bobi."

"Kwa hivyo nikae tu?"

"Ukae wapi! Nafasi unayo, ndiyo maana Jumatatu twende hospitali. Na pengine hata si saratani."

Wakaenda, kipande cha uvimbe kikakatwa kikapimwe. Wiki mbili baadaye walikuwa tena kwenye benchi la hospitali, Wanza na gauni lake la njano, Phares na maranda kwenye kamba za viatu. Muuguzi akatokea na bahasha.

"Wanza Nzau!"

Phares akainuka. Wanza akamvuta mkono.

"Ngoja kwanza, kabla hawajatuambia. Lile swali lako la Pasaka, jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu siku ile ya kwanza ya gunia."